Rafu ya Karakana ni Jambo la Chama

Katika mikutano yetu tumezoea kuzungumza mambo makubwa: mishahara, saa za kazi, nyumba za kambi, likizo ya uzazi, na wenzetu wanaofukuzwa bila sababu. Ni sawa, kwa kuwa mambo hayo ndiyo yaliyotufanya tuunde chama. Lakini leo, kutoka huku kwetu Uganda, tunataka kusema juu ya kitu ambacho hakiandikwi katika ajenda ya mkutano. Kitu hicho ni rafu ya karakana, au shelfu kama wengi wetu tunavyoiita.

Tunasema kwamba rafu ni jambo la chama. Tunasema pia kwamba rafu imara, ya mbao ngumu zilizotoka kwenye msumeno bila kupigwa randa, inaweza kujengwa katika karakana ya kila shamba na kila kiwanda kwa mikono yetu wenyewe. Mwajiri anatakiwa atimize mambo matatu tu: atoe mbao zilizokauka, atoe wakati ndani ya saa za kazi, na alipe ufundi kama ufundi.

Karakana isiyo na rafu

Ingia katika karakana ya kiwanda cha chai huko Toro au Ankole, au ya shamba la miwa huko Busoga, mahali ambapo hakuna rafu. Utaona nini? Cheni za mashine zimelala chini. Mikanda mikuukuu imerundikwa juu ya mikanda mipya. Beringi ziko ndani ya debe lililojaa maji ya mvua na kutu. Mapipa ya mafuta yamesimama njiani. Rola za mashine ya kukata majani zimelazwa ukutani, na kila anayepita ananyanyua mguu juu kama mtu anayevuka mto.

Mzigo ulioko chini haukai tu ukingoja. Kila siku unamwinamisha mtu. Chuma ni kizito kuliko kinavyoonekana. Mhimili wa chuma wa mviringo, wenye unene wa milimita 100 na urefu wa mita 1 tu, una uzito wa zaidi ya kilo 61. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake la mwaka 1967 juu ya mizigo, lilisema kwamba pale ambapo mwanamume mzima anaruhusiwa kubeba kwa mikono zaidi ya kilo 55, hatua zichukuliwe haraka kushusha kiasi hicho kifike hapo. Basi kijana wetu anayeokota mhimili huo sakafuni peke yake, akiwa ameinama, amekwisha kupita kiasi kabla hajapiga hatua ya kwanza. Mgongo ukivunjika hauna spea stoo.

Kitu kilichopotea

Lakini jambo hili si la mgongo peke yake. Ni la mfuko pia.

Katika kiwanda kimoja tunachokijua, ambacho hatutakitaja, beringi mpya ya mashine ilikosekana. Karani wa stoo alionyesha sahihi katika daftari kwamba beringi ilitoka. Mafundi wawili wa mashine walisema waliipokea, wakaiweka chini pembeni ya karakana wakingoja mashine isimame. Hapakuwa na mahali pengine pa kuiweka. Ofisi ikaamua kwamba wameiiba, na mishahara yao ikakatwa miezi minne. Siku moja sakafu ilifagiliwa kwa ajili ya wageni waliokuja kukagua kiwanda. Beringi ikaonekana chini ya rundo la mikanda mikuukuu, ingali ndani ya karatasi yake ya mafuta. Fedha zilirudishwa, lakini baada ya mjumbe wetu kwenda ofisini akiwa ameishika beringi hiyo mkononi.

Tujiulize. Wale mafundi wawili walihukumiwa kwa kosa la nani? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tunaongeza kwamba hata yenye daftari hupotea ikiwa haina mahali pa kukaa. Mkataba wa kimataifa wa kulinda mishahara, wa mwaka 1949, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kwa kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au mapatano ya pamoja, au uamuzi wa usuluhishi. Haukusema mshahara ukatwe kwa sababu sakafu imejaa. Rafu yenye namba, na kila kitu mahali pake, ni shahidi wetu. Kitu kikiondoka, pengo linaonekana siku hiyo hiyo, na mtu hasingiziwi baada ya wiki tatu.

Rafu mbovu ni mbaya kuliko sakafu

Hapa lazima tuseme ukweli. Ziko rafu nyingi ambazo zingekuwa bora zisijengwe. Bwana mkubwa anasikia malalamiko, anamwambia mnyapara, "Watengenezeeni kitu." Mnyapara anamchukua kibarua yeyote aliye karibu, anampa mbao mbichi zilizopasuliwa juzi, kilo moja ya misumari na nyundo ya kuazima. Jioni rafu imesimama. Inaonekana nzuri, na harufu ya mti mbichi ni tamu. Baada ya miezi mitatu inaanza kwenda upande, na siku moja inaanguka. Aliyekuwa chini yake siku hiyo anaulizwa kwa nini alisimama pale.

Kwa nini rafu hizo huanguka? Si bahati mbaya. Ziko sababu nne, na kila mfanyakazi anaweza kuzijua hata kama hajawahi kushika msumeno.

Sababu ya kwanza ni ubichi. Mbao mbichi zina maji, na zikikauka hupungua upana na unene, hujikunja na kupasuka. Msumari ulioshika vizuri katika ubao mbichi unabaki ndani ya tundu lililolegea ubao ukikauka.

Sababu ya pili ni mzigo kuning'inia kwenye misumari. Mhimili unaobeba rafu umegongewa ubavuni mwa nguzo, na chini yake hakuna kitu. Hapo mafuta na vyuma vyote vinabebwa na misumari minne. Kanuni yetu iwe hii: uzito ukae juu ya mti, usining'inie kwenye msumari.

Sababu ya tatu ni nguzo kuwekwa mbali mbali ili kuokoa mbao. Mbao ikiongezwa urefu mara mbili kati ya nguzo na nguzo, kwa mzigo ule ule itapinda mara nane. Mara nane, ndugu zetu, siyo mara mbili. Aliyeokoa nguzo moja amepoteza rafu nzima.

Sababu ya nne ni kukosa mshazari. Mbao nne zilizopigwa pembe nne husukumika upande kama sanduku la kiberiti lililotolewa kiberiti chake. Mbao tatu zilizofungwa pembe tatu hazisukumiki. Ubao mmoja unaokatiza kutoka pembe ya chini hadi pembe ya juu, nyuma ya rafu, ndio unaozuia rafu isilale.

Mti upo

Tukidai rafu, ofisi hujibu kwamba rafu za chuma ni ghali na zitangoja bajeti. Sisi hatukudai chuma. Katika mashamba ya chai mikaratusi, ambayo wengi hapa huiita kalitunsi, imepandwa na mashamba yenyewe kwa ajili ya kuni za kukaushia majani. Kila siku magogo yanaingia tanurini. Tunaomba machache yasiingie, yapasuliwe mbao.

Hatusemi ukatwe mvule. Mvule ni mti bora sana, na mchwa hauupendi, lakini umekuwa adimu na unachukua miaka mingi kukua. Haufai kumalizwa kwa kubeba madebe ya grisi. Mkaratusi unatosha ikiwa tabia yake itaeleweka. Gogo lake lina nguvu iliyojifunga ndani, na likikatwa huanza kupasuka kwenye ncha. Moyo wa gogo, ile sehemu ya katikati kabisa, ni dhaifu na hupasuka, kwa hiyo mbao zenye moyo zirudi kwenye kuni, zisifanywe nguzo. Tena mkaratusi hauwezi kushindana na mchwa kama mvule, kwa hiyo miguu ya rafu isiguse udongo.

Mbao zikishapasuliwa, zipangwe kivulini, chini ya paa lisilo na kuta. Zinyanyuliwe juu ya matofali. Kati ya safu na safu viwekwe vijiti vya unene mmoja, na vijiti vya safu zote visimame katika mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ili hewa ipite na mbao zisipinde. Ncha za mbao zipakwe rangi, ili maji yasitoke huko kwa haraka kuliko katikati. Juu kabisa viwekwe vitu vizito. Kisha tungoje. Ubao wa inchi moja unahitaji miezi, siyo siku, na wa inchi mbili unahitaji muda mrefu zaidi sana.

Tutajuaje kwamba zimekauka? Shamba la chai lina mizani. Ile mizani inayopima majani yetu kila siku, na ambayo tumegombana nayo sana, ifanye kazi hii pia. Chukua ubao mmoja wa katikati ya rundo, uupime kila wiki, uandike uzito wake. Maji yakiendelea kutoka, uzito utaendelea kushuka. Uzito ukikaa pale pale wiki baada ya wiki, mbao zimekauka kwa hewa ya mahali petu. Hapo hakuna mnyapara atakayetuambia, "Zimekauka, jengeni," wakati bado zinatoa maji.

Namna ya kujenga

Mbao za msumeno hazina unene sawa. Ubao wa inchi moja huweza kuwa inchi kamili upande huu na robo tatu upande mwingine. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuzichagua: zenye unene unaokaribiana zikae katika rafu moja. Hakuna haja ya kupiga randa ubao mzima. Upande wa mbele tu, unaoguswa na mikono, ndio ulainishwe ili vibanzi visitutoboe. Randa ikipungua, vumbi nalo hupungua. Vumbi la mbao si uchafu wa kupuuza. Mwaka 1995 wataalamu wa kimataifa wa saratani waliliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu vinavyojulikana kuleta saratani kwa binadamu, hasa saratani ya pua na mianzi yake kutokana na mbao ngumu. Anayekata na anayepiga randa wapewe barakoa za kazi hiyo, siyo kitambaa cha kujifunga, na kazi ifanyike penye hewa.

Nguzo ziwe za 4 kwa 2. Mihimili inayobeba iwe ya 4 kwa 2 pia, lakini isimamishwe kwa ukingo, isilazwe ubapa. Mhimili ule ule ukisimamishwa kwa ukingo ni mgumu kupinda mara nne kuliko ukilazwa. Hapa hakuna mbao iliyoongezwa wala shilingi iliyotumika. Ni maarifa tu. Kila mhimili ukae ndani ya pengo lililokatwa kwenye nguzo, au juu ya kipande cha ubao kilichofungwa kwenye nguzo kwa bolti. Bolti ziwe na washa pande zote mbili. Kabla ya skrubu au msumari, toboa kwanza kwa keekee, maana mbao ngumu iliyokauka hupinda msumari na kupasuka. Baada ya mwezi mmoja nati zikazwe tena.

Kutoka nguzo hadi nguzo isizidi futi tatu kwa mbao za inchi moja. Panapowekwa vyuma vizito, mbao za juu ziwe za inchi mbili. Nyuma uwekwe mshazari, na rafu yote ifungwe ukutani kwa bolti. Miguu isimame juu ya zege au matofali, na kila mwezi mtu aangalie kama mchwa umeanza kujenga njia ya udongo. Wengine hupaka mafuta machafu ya injini dhidi ya mchwa. Tunashauri yasitumike. Mafuta hayo yanadhuru ngozi ya anayepaka na ya kila anayeshika, na siku ya moto yanausaidia moto.

Rafu ya chini kabisa inyanyuliwe hadi usawa wa goti, na vitu vizito vikae hapo, kati ya goti na kiuno. Huko hatuinami sana, na rafu haina kichwa kizito cha kuiangusha. Vitu vyepesi viende juu. Urefu wa rafu ya juu upimwe kwa mkono wa mfanyakazi aliye mfupi kuliko wote, awe mwanamke au mwanamume, na siyo kwa mkono wa fundi aliyeijenga. Rafu ambayo dada yetu wa chumba cha kuchambulia anaifikia kwa kupanda juu ya debe ni mtego.

Mwisho, rafu ijaribiwe. Mfuko wa saruji una kilo 50. Pangeni mifuko polepole, mtu asisimame chini wala mbele, hadi mzigo upite ule mtakaoweka siku zote. Uachwe usiku kucha. Asubuhi angalieni kama mhimili umepinda, kama nguzo imeachia. Ikiwa imesimama sawa, andikeni kwa rangi juu ya mhimili mzigo unaoruhusiwa, ambao lazima uwe mdogo kuliko ule wa majaribio. Mzigo ukiandikwa, mnyapara hawezi kutuamuru kupakia zaidi bila kila mtu kuona.

Jambo moja tena kwa ndugu zetu wa mashambani wanaopulizia dawa. Rafu ya mbao haifai kwa dawa za sumu. Mbao zikimwagikiwa hunywa sumu na kuihifadhi, na hakuna sabuni ya kuitoa. Dawa zikae katika stoo yake inayofungwa, juu ya rafu ya kitu kisichonywa maji, za maji chini na za unga juu, mbali na chakula, mbali na nguo na mbali na watoto. Mtu asitumie maneno yetu haya kuweka madumu ya sumu katika rafu ya mbao.

Nani alipe?

Ofisi hupenda kutuambia: "Karakana ni yenu. Njooni Jumamosi mchana mjenge kwa moyo wa kujitolea." Maneno hayo ni matamu, lakini tuyaangalie vizuri. Karakana ikileta faida, faida inagawanywa wapi? Karakana inakuwa yetu siku ya kufagia tu.

Mkataba wa kimataifa namba 155 wa mwaka 1981, juu ya usalama na afya kazini, unasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanyakazi chochote. Jumamosi mchana yetu ni gharama. Nyundo tuliyoileta kutoka nyumbani ni gharama. Mwezi Juni 2022 mkutano mkuu wa Shirika la Kazi Duniani uliweka mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za kazi, na mkataba huo ni mmoja wa mikataba ya msingi ambayo nchi zote wanachama zinapaswa kuheshimu kanuni zake. Hapa Uganda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imempa mwajiri wajibu wa kuweka mahali pa kazi pawe salama. Hakuna mahali sheria hiyo iliposema wajibu huo unahamia kwa mfanyakazi siku ya Jumamosi.

Tena kuna suala la daraja. Kupanga mbao, kukata pengo likae sawa, kusoma pima maji na kufunga mshazari ni kazi ya fundi seremala. Anayeifanya siku ile ni seremala siku ile, hata kama katika kitabu cha mishahara ameandikwa kibarua wa kuni. Tukikubali ujenzi wa rafu kwa ujira wa kibarua, tumekubali kwamba ufundi hauna bei. Kesho fundi wa umeme naye ataambiwa hivyo hivyo.

Wanaotupinga

Wako ndugu zetu wanaosema, "Chama kidai mshahara kwanza. Rafu ni mambo ya mafundi." Tunawaheshimu, na tunajua njaa ya mwisho wa mwezi inavyosema. Lakini mshahara unaokatwa kwa ajili ya beringi iliyofichwa na mikanda si mshahara kamili. Na mtu aliyeangukiwa na rafu, hata akidai fidia chini ya sheria ya mwaka 2000, hapati tena mkono aliokuwa nao. Kudai rafu ni kuulinda mshahara tulioupata jana wakati tunadai wa kesho. Mapambano haya mawili hayagombani.

Wako wengine wanaosema kwamba tukimjengea mwajiri rafu nzuri tunamsaidia tajiri. Ndiyo, na yeye atafaidi, kwa kuwa mashine yake haitasimama saa mbili wakati spana inatafutwa. Hatuoni ubaya wake. Lakini faida hiyo ndiyo silaha yetu mezani. Tunaweza kumwambia kwa uso mkavu kwamba tunachodai kinamfaa na yeye, kwa hiyo hana sababu ya kukataa kulipa.

La kufanya

Tunatoa shauri hili kwa kila tawi:

1. Mjumbe na wafanyakazi wawili wazunguke karakana na stoo, waandike rafu zote zilizopo: ipi imepinda, ipi haina mshazari, ipi inaning'inia kwenye misumari.

2. Rafu iliyo hatarini iondolewe mzigo siku hiyo hiyo, na taarifa ipelekwe kwa msimamizi kwa maandishi. Nakala ibaki tawini. Mkataba namba 155 unamlinda mfanyakazi aliyejitoa kwenye hatari kubwa iliyo karibu, akiwa na sababu ya haki ya kuamini ipo.

3. Tawi lidai magogo ya kupasua mbao sasa hivi, kwa kuwa kukauka kunachukua miezi. Anayengoja rafu ianguke ndipo aombe mbao, atajenga kwa mbao mbichi na itaanguka tena.

4. Mapatano na ofisi yaandikwe: mbao kavu, bolti, vifaa na barakoa kutoka kwa mwajiri, kazi ndani ya saa za kazi, na malipo ya daraja la fundi.

5. Wale watakaotumia rafu ndio waseme urefu wake na mahali pake. Kila rafu iwe na namba, na kila namba iwe katika daftari la stoo. Baada ya hapo, tawi likatae mshahara wa mtu kukatwa kwa kitu kilichopotea mahali ambapo mwajiri hakuweka rafu.

Ndugu wafanyakazi, wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Tusione aibu kuingia katika ofisi ya meneja kudai mbao za inchi mbili na bolti za nusu inchi. Aliyezoea kutusikia tukidai kwa sauti kubwa tu, atashangaa kutuona tumekuja na vipimo, na mtu anayejua vipimo vya haki yake ni vigumu kumdanganya. Magogo yako uani yanangoja kuingia tanurini. Wiki hii, kabla ya zamu ya usiku kuwasha moto, mjumbe wa kila tawi akachague yake.

Umoja ni nguvu.